Chungu Kidogo cha Bibi Oksun

Ni lini mara ya mwisho, ndugu msomaji, ulipojifunza lugha ya mtu asiyeweza kukupa kazi, wala kukupeleka shule, wala kukuandikia barua ya sifa kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya? Usinijibu haraka. Sisi tuliosoma tunajidai kujua lugha, lakini hebu tazama ni zipi: tumejifunza ile ya mtawala ili mtawala atusikie, basi. Asheri wa Mamba, kijiji chetu cha mlimani, mpishi wa misheni, alijifunza lugha ya kikongwe mmoja asiye na nchi ya kurudi. Siku moja ilimbidi aisimamishe lugha hiyo mbele ya watu wenye hasira.

Bibi Oksun alifika mlimani wakati ambao vita ya Korea ilikuwa ikizungumzwa hata kwenye kibaraza cha stesheni ya Same. Daktari mpya wa misheni na mkewe walikuwa wameishi Korea miaka mingi. Vita ilipowakimbiza huko, walimchukua na mama huyo mzee aliyewalelea watoto wao. Alikuwa mfupi, mgongo umepinda kidogo, nywele kazifunga kisogoni kwa kijiti. Kiswahili hakujua hata salamu. Kesho yake tu aliingia jikoni kwa Asheri, akafunua sufuria moja baada ya nyingine, akaguna.

Asheri alikuwa amewapikia wazungu wa kila namna na kuwazoea wote. Huyu hakujua amweke wapi. Hakuwa mzungu, hakuwa mgeni wa kukaa sebuleni, na hakuwa mtumishi mwenzake.

"Mul," akasema bibi.

Asheri akampa chumvi.

"Mul."

Akampa kisu. Bibi akachukua kata, akaenda kwenye mtungi, akachota maji, akayainua hadi usoni kwa Asheri na kuyamimina polepole.

"Mul."

"Mul," akasema Asheri, na hilo likawa somo la kwanza.

Alianza kama mtoto anavyoanza, kwa vitu vinavyoshikika: maji, chumvi, moto, kabichi, mwiko. Kisha yakaja maneno ya kutenda: kata, osha, koroga, acha hapo. Akiwa anamenya vitunguu aliyarudia kwa sauti ya chini, na wapagazi wa kuni wakadhani anasali. Jumapili baada ya ibada shemeji yake Hezroni, karani wa huko Same, alikuja kumtania mbele ya watu.

"Shemeji, hebu tuonjeshe hicho Kikorea."

"Niseme nini?"

"Sema, nataka nyongeza ya mshahara."

"Hilo sijafundishwa."

"Unaona sasa. Lugha gani hiyo isiyojua mshahara? Mimi Kiingereza nilianzia hapo hapo."

Watu walicheka, na Asheri naye alicheka. Lakini usiku ule alijiuliza kama kweli anapoteza muda. Asubuhi bibi akamfundisha neno la mvuke, akasahau alichokuwa akijiuliza.

Msimu wa pili akawa anajenga sentensi, na hapo ndipo alipoanguka. Kila alichosikia kwa bibi alikirudisha vile vile alivyokisikia. Adhuhuri moja akamwekea bakuli la wali na kumwambia ale, kwa maneno yale yale ambayo bibi humwambia yeye. Bibi akainua mwiko, uso umegeuka. Mke wa Daktari alisikia kutoka barazani, akacheka mpaka akakaa chini, ndipo akamweleza: kule Korea mkubwa husema na mdogo kwa namna moja, na mdogo humjibu mkubwa kwa namna nyingine. Asheri alikuwa amemsemesha mama wa watu kama mtoto wa kuchunga mbuzi. Kwetu ni sawa na kijana kukutana na mzee njiani akamwambia, "Marahaba," kabla hajaamkiwa.

Aibu ilimshika mpishi wa watu. Siku kadhaa alifanya kazi bila kufungua mdomo. Aliporudi kusema alikuwa mwangalifu mno, na toka hapo hofu haikumtoka. Alikuwa amegundua kwamba unaweza kuyajua maneno yote na bado ukamuumiza mtu.

Bibi alimfundisha na kusoma. Alitandaza unga wa ngano mezani na kuchora herufi kwa kidole: vijiti, viduara, vipembe, kisha akaufuta na kuanza upya. Asheri alizishika upesi kuliko alivyotarajia. Bibi akatoa Biblia yake iliyochakaa, na jioni kabla ya chakula mpishi akawa anamsomea Injili ya Luka, mstari baada ya mstari, macho ya mzee yakiwa yanachoka. Mwaka wa tatu ulipoingia, Asheri aliweza kufanya mzaha kwa Kikorea, na aliweza kugombana. Mara moja alimwambia bibi kwamba pilipili zake zingemfukuza hata chui, na bibi akacheka huku amejiziba mdomo kwa kiganja.

Kulikuwa na hadithi moja tu ambayo bibi aliianza mara nyingi bila kuimaliza. Alikuwa na binti, Sunhi, rika la Lea, mke wa Asheri na mama wa Dina. Walikuwa njiani wakikimbia vita, ni baridi kali, barabara imejaa watu. Walifika mtoni. Hadithi ikifika hapo mtoni, bibi huinuka kwenda kugongagonga vyungu. Asheri alikuwa na maneno ya kutosha kumuuliza kilichofuata. Alichokosa ni ujasiri.

Vyungu vyenyewe ndivyo vilivyoleta mambo. Kila kabichi za misheni zilipokomaa, bibi alizikata, akazilaza katika chumvi nyingi, akazipaka pilipili na vitunguu saumu, akazishindilia ndani ya vyungu, na vyungu akavifukia nyuma ya jiko mpaka shingoni, kila kimoja na jiwe juu. Kwao hufukiwa ili chakula kisigande kwa baridi. Hapa alivifukia kwa ajili ya ubaridi wa udongo. Kando ya vile vikubwa, chini ya mbuni mmoja, mti wa kahawa, palikuwa na kidogo kimoja alichokifukia mwaka wake wa kwanza. Hakuwahi kukifungua. Asheri alidhani ni akiba ya pilipili.

Sasa, wewe uliye Mpare huhitaji kuambiwa zaidi. Asiye Mpare ajue kwamba kabla kengele ya kanisa haijalia milimani huku, fuvu la mzee aliyekufa lilitolewa kaburini baada ya muda, likawekwa ndani ya chungu na kupelekwa penye mapango ya ukoo. Tumebatizwa, ndiyo. Lakini hakuna mtu wa Mamba awezaye kuona chungu kimefukiwa, jiwe juu, akapita bila kujiuliza ndani yake yumo nani.

Mvua za vuli hazikunyesha mwaka ule. Ndiva, lile bwawa letu la kukusanyia maji ya mifereji, likabaki tope, na tope likapasuka. Mzee Melkizedeki, msimamizi wa ndiva na mgawaji wa zamu za maji, alizunguka mashambani na fimbo yake bila kuwa na cha kugawa. Watu walianza kuulizana. Mzee Amiri, mwenye duka pale Same, alisema kwa nia njema kabisa kwamba mpishi wa misheni hununua chumvi kama mtu mwenye ng'ombe mia. Maneno hayo yalipanda mlima na abiria wa lori, na yalipofika juu hayakuwa tena na nia njema. Yule Bibi Mchina amefukia vyungu vya chumvi. Amefunga mvua. Na Asheri husema naye lugha ya mapepo jioni jioni. Watu wamemsikia kwa masikio yao.

Siku ya msaragambo, kazi yetu ya pamoja, pembe ilipigwa na watu wakaenda kuzoa tope la ndiva. Asheri akaenda na jembe lake. Aliposogea kulia, walio kulia walisogea. Aliposogea kushoto, ikawa vile vile. Alizoa tope peke yake katikati ya uwazi mpana mpaka jua likageuka, na hakuna aliyempa kata ya uji.

"Wamenikatalia moto leo," Lea akamwambia aliporudi. "Nimekwenda kwa jirani kuomba kaa la moto, akasema umezimika. Nami nauona moshi."

"Watachoka, mama Dina."

"Watachoka lini? Na Daktari yuko Moshi. Wakija, utasimama na nani?"

Walikuja siku iliyofuata, alasiri. Daktari na mkewe walikuwa Moshi kwenye mkutano wa kanisa. Uani mwa jiko palijaa wanaume, na wanawake walisimama nyuma ya ua wa mimea ya manyara. Mzee Melkizedeki alikuwa mbele. Hakuja na ukali. Alikuwa na uso wa mtu asiyelala vizuri kwa kuwa watu wote wanamtazama yeye juu ya maji asiyoweza kuyaleta.

"Shikamoo, baba," Asheri akasema.

"Marahaba, mwanangu. Muite huyo bibi yako. Tunataka kumuuliza, na wewe utatuambia anachojibu. Usiongeze wala usipunguze."

"Atapunguza," Hezroni akasema. Alikuwa amepanda mlimani kwa mapumziko. "Shemeji yangu ni mpishi. Chumvi anaijua kipimo."

Watu wakacheka kidogo. Bibi Oksun akatoka, mikono ina unga, akatazama umati, kisha akamtazama Asheri.

"Muulize," Melkizedeki akasema, "ndani ya vyungu yumo nani."

Asheri aliyatafuta maneno. Neno la pepo alilijua, amelisoma katika Luka. Neno la laana alilijua. Lakini alijua pia kwamba akimtajia bibi maneno hayo, kwa lugha yake mwenyewe, kutoka kinywani mwa mtu pekee anayeijua lugha hiyo mlima mzima, atakuwa amemfukuza kabla wengine hawajamfukuza. Hatimaye aliinama kidogo na kumwambia, kwa namna ya mdogo kwa mkubwa, kwamba wazee wa hapa huwaweka watu wao wapendwa ndani ya vyungu, na wanauliza kama naye amemweka mtu wake.

Bibi akaonyesha vyungu vikubwa, akasema kabichi, na akaagiza kimoja kifunguliwe. Kikafunguliwa. Harufu kali ikawarudisha nyuma walio mbele. Bibi alichukua kipande, akala, akampa Asheri, naye akala.

"Na kile?" Melkizedeki akanyoosha fimbo chini ya mbuni.

Asheri akauliza. Bibi akasema maneno machache, taratibu. Asheri alipoyasikia ndipo alipoelewa ni kwa nini hadithi ilikuwa haivuki mto.

Angeweza kusema ni pilipili. Angesema, na nani angejua?

"Anasema," akaanza, "kile ni cha mwanawe. Mkono wake ulimponyoka njiani, wakati wa vita, penye mto. Kwao mama huweka fungu la kila mtoto. Hili ni fungu la binti yake. Halifungui mpaka mwenyewe afike."

Wazee walitazamana.

"Mwanawe amekufa?" Melkizedeki akauliza.

Asheri akauliza, kwa shida. Bibi akatikisa kichwa. Si ndiyo, si hapana.

"Anasema hajui."

"Kama amekufa," mzee akasema kwa kufikiri, "chungu chake hakikai kwenye mbuni, kinapelekwa mahali pa heshima. Kama yu hai, ni chakula tu, na mwenye chakula huonja kwanza mbele ya watu. Ndivyo tunavyofanya. Mwambie afungue aonje."

Asheri akamwambia. Bibi akajibu bila kuinua sauti: hawezi kula fungu la mtoto kabla ya mtoto. Ameahidi.

"Mmesikia?" Hezroni akasema. "Anaogopa chakula chake mwenyewe."

Manung'uniko yakapanda. Mtu mmoja akaokota jiwe, si kubwa, akalishika tu mkononi. Melkizedeki akainua fimbo, watu wakanyamaza.

"Nitakuja kesho asubuhi. Chungu kitafunguliwa. Akionja, atakaa nasi, na yeyote atakayemgusa amenigusa mimi. Asipoonja, atashuka Same na lori la kesho, na Daktari atamkuta huko huko stesheni. Asheri, mwambie hivyo, usipunguze."

Akamwambia. Hakupunguza. Na wakati anasema alikuwa akihesabu kichwani mahali ambapo bibi huyo angeweza kwenda kutoka Same, akakuta hakuna. Reli ilikuwa na ncha mbili, na katika ncha zote mbili hapakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia maji kwa lugha yake.

"Ungesema ni kabichi tu," Lea akamwambia nyumbani, akiwa amemwekea ugali ambao hakuugusa. "Wangekwenda zao."

"Wangekuwa wamenisikia mimi, mama Dina. Yeye wasingemsikia."

"Na sasa wamemsikia, imemfaa nini?"

Asheri alifikiri aonje yeye asubuhi, lakini yeye si mwenye chakula, ni mpishi. Kuonja kwake hakuhesabiki. Alifikiri akichimbue chungu akakifiche, akaona hapo ndipo wangeamini yote. Alitafuta kwa Kikorea maneno ya kumbembeleza mama avunje ahadi aliyomwekea mwanawe. Aliyapata yote, kwa adabu yote, namna ya mdogo kwa mkubwa. Akajichukia kwa kuyapata.

Kulipokucha alikwenda, ukungu ukiwa bado unaning'inia kwenye migomba. Alimkuta bibi amekwisha kutangulia. Alikuwa amevaa gauni lake jeupe la kwao, nywele kazichana na kuzifunga upya. Udongo ulikuwa umeondolewa kuzunguka shingo ya chungu kidogo, jiwe limewekwa kando, na juu ya mkeka palikuwa na mabakuli mawili na jozi mbili za vijiti vya kulia. Asheri alisahau maneno yote aliyokuwa ameyaandaa. Akamwamkia tu, na bibi akamwambia akae.

Mzee Melkizedeki akaja. Nyuma yake, upande wa pili wa manyara, walikuja na wengine, Hezroni akiwemo, wamefunga mikono kwa baridi. Mzee akasimama mbele ya chungu, akatazama mabakuli yale mawili kwa muda mrefu.

Bibi hakungoja kuambiwa. Akachukua vijiti, akachovya chunguni, akatoa kipande cha kabichi kilichogeuka rangi ya kutu. Kipande kikamdondokea magotini. Akakiokota. Akakipeleka kinywani, na midomo ikakataa kufunguka. Asheri aliona taya linavyohangaika. Alitaka kugeuza uso na hakuweza.

Fimbo ya mzee ikashuka taratibu, ikakaa katikati ya mkono na kinywa.

"Asheri. Huyo binti ana babu?"

Asheri akauliza. Bibi, kipande bado hewani, akajibu kwamba wazee wote wa upande wake walikufa zamani.

"Hana, baba."

"Kwetu mtoto akiwa safarini, babu ndiye anayemwonjea," Melkizedeki akasema, safari hii kwa sauti ya kufika manyara. Akaweka fimbo chini. Akapiga magoti kwa taabu, goti moja baada ya jingine, akapeleka mikono yote miwili mbele kama mtu anayepokea. Bibi akamtazama Asheri. Asheri akainamisha kichwa kwamba ndiyo. Bibi akaweka kipande kile katika viganja vya mzee.

Mzee akala. Akatafuna, akasita, akakohoa, machozi yakamtoka, pua ikamtiririka. Akameza. Akageukia ua.

"Kabichi," akawaambia. "Kali, lakini kabichi."

Hakuna aliyecheka. Bibi alikuwa amekwisha kuchota kingine, anamsogezea bakuli. Mzee akakizuia kwa kiganja.

"Mwambie kilichobaki ni cha mwenyewe."

Asheri akaanza kumwambia. Kabla hajafika mwisho wa sentensi, Mzee Melkizedeki alikuwa amekwisha kulinyanyua jiwe, akalipangusa kwa pindo la koti lake, akalirudisha juu ya mdomo wa chungu. Kisha, akiwa bado kwenye magoti, akaanza kukokota udongo kwa viganja vyake na kuushindilia kuzunguka shingo, upande huu na upande ule, mpaka ukakaa sawa.